Ndege wa Mama Mkwe

Ijumaa, 3 Agosti 1956

Siku njema sana. Leo nimeezua paa la jiko.

Naandika sababu mapema, nikishakuwa mtu mkubwa pasiwe na maswali. Mwalimu Dionizi wa shule ya kati ametangaza mashindano ya kutazama ndege kiangazi hiki, kwenye mbuga ya ng'ambo ya Ilembo na kwenye miyombo inayoizunguka. Maji yamepungua, yamebaki madimbwi, na ndege wote wa nchi hii wamejazana pale. Jumapili ya tarehe 12 anakuja Padri mmoja kutoka kando ya Ziwa Tanganyika, mpenda ndege kupita kiasi. Mwenye orodha bora atachukuliwa kwa miezi miwili awe kiongozi wake mpaka Ziwa Katavi. Kaptula ya kaki. Viatu. Kula mezani kwa Padri!

Mimi miaka tisa nasimama kwenye kizuizi cha mbung'o barabarani. Napitisha wavu kwenye migongo ya watu, kwenye baiskeli na chini ya malori, mbung'o hata mmoja asiingie mjini. Miaka tisa! Mtu anayeona mbung'o kwenye shati jeusi atashindwaje kuona korongo?

Mpinzani wa kweli ni mmoja, Telesphor, dresa wa hospitali, mfunga vidonda, jirani yangu hapa Kawajense. Mfipa. Ana darubini na daftari, ana upole mwingi. Upole wake unaniudhi.

Lakini hana kibanda cha kujificha. Mimi ninacho, tangu saa tisa ya leo. Kibanda kinataka nyasi, na nyasi za karibu zote zimekwisha kuungua moto. Nyasi kavu, safi, zilizofungwa vizuri, ziko wapi? Juu ya jiko letu. Nimeziazima tu. Marselina mke wangu alisimama na mwiko mkononi, akauliza mvua ikinyesha je. Nikamwambia Agosti hainyeshi. 

Jioni. Lori la kutoka Mpimbwe limemshusha mama mkwe, Bi Natalia, na majogoo wawili. Hatukumtarajia.

Jumamosi, 4 Agosti

Ugumu. Kwetu mkwe hatazamwi usoni wala haongeleshwi. Akiwa uani, mimi niko ndani. Akiingia ndani, mimi natoka. Leo asubuhi aliingia ghafla, ikabidi nitokee dirishani na uji mkononi.

Alikuwa ametoka kupika chai kwenye jiko lisilo na paa. Upepo wa Agosti ulikuwa umemwaga majivu yote kwenye sufuria. Hakunisema. Alimwambia Marselina, kwa sauti ya kutosha mtu aliye chini ya dirisha, kwamba amekuja kukaa mpaka siku ya Kupalizwa Bikira Maria. Alhamisi yake anapanda lori. Jiko likiwa na paa, atapanda peke yake. Likiwa halina, atapanda na binti yake, kwa kuwa hakumlea akapike chini ya mawingu kama mchungaji.

Leo tarehe 4. Kupalizwa ni tarehe 15. Nafasi tele. Kiongozi wa Padri hakosi mtu wa kumwezekea.

Nilishinda kibandani. Yangeyange watatu. Halafu usingizi. Nilipoamka nikamwona Telesphor anatembea waziwazi ukingoni mwa maji, bila kujificha, darubini shingoni. Ndege hawakuruka. Alinipungia mkono. Akaniambia amefika aina ishirini na saba. Hakujisifu, na hilo ndilo baya zaidi.

Jumapili, 5 Agosti

Baada ya misa Mwalimu Dionizi alitukusanya watazamaji, watu sita. Alisema Padri anatunga daftari la majina ya ndege kwa lugha za huku kwetu. Kikonongo anacho, Kifipa anacho, Kibende kiasi. Kipimbwe hana hata jina moja. Mtu atakayeleta majina ya Kipimbwe, alisema Mwalimu, atamfurahisha Padri kuliko mwenye ndege mia wasio na jina.

Nilikaribia kupiga kelele. Wapimbwe hulima mpunga. Anayelinda mpunga utoto wake wote anawajua ndege wote kwa majina na kwa tabia zao. Na mimi ninaye Mpimbwe halisi, mzima, amekaa jikoni kwangu!

Mimi Mkonongo, Kipimbwe sikijui. Nyumbani tunasema Kiswahili. Lakini matamshi yake nayashika vizuri kwa sikio.

Nilimwita Marselina pembeni. Nikamwambia akamwulize mama yake yule korongo mkubwa, mrefu, mwenye shingo kama mpini wa jembe, kwao anaitwaje. Akaenda.  Mama mkwe akauliza kitu, Marselina akajibu.  Halafu jina likaja, refu, tamu, kama mstari wa wimbo. Marselina alilitamka mara mbili, polepole, nikaandika. Uso wake ulikuwa mkavu kabisa.

Maneno manne kwa ndege mmoja! Wapimbwe wanajua kuheshimu ndege.

Jumanne, 7 Agosti

Majina kumi na moja. Nayakariri kizuizini. Leo dereva wa lori aliuliza nasali sala gani.

Kazi ina utaratibu wake. Ndege ambaye mama mkwe hamjui kwa jina la Kiswahili inabidi nimwonyeshe. Nasimama nyuma ya ua wa matete, namwiga. Mama mkwe anachungulia kwenye upenyo, hivyo hatuonani nyuso, na heshima imetunzwa. Jana nilimwiga hondohondo, yule mweusi anayetembea chini porini mikono nyuma kama bwana shamba. Nilitembea nikitikisa kichwa, nikiinama, nikiokota. Upande wa pili nikasikia mtu anakohoa muda mrefu. Majivu, nadhani. Jina lilipokuja lilikuwa refu kuliko yote.

Paskalia, mke wa Telesphor, alikuwa anapita. Alimwuliza Marselina kama nimeanza kuumwa kichwa.

Habari mbaya kidogo. Nimekuta kibanda kimelala chini. Nyayo zinaonyesha tembo alikuja kujikuna nacho. Nyasi zimesagika, hazifai hata kulazia kuku. Nimeamua kutomwambia Marselina. Hajaniuliza.

Alhamisi, 9 Agosti

Nilikwenda mbugani alfajiri kwa kuwa zamu yangu ilikuwa ya mchana. Bila kibanda nilikaa tu kwenye kichuguu, miguu kwenye umande.

Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji. Ukaanza kunyanyuka kidogo kidogo, na chini yake nikaona miguu kwanza. Miguu myembamba mingi, haina wenyewe. Halafu matumbo. Halafu makorongo wazima, kama arobaini, wamesimama wote wametazama upande mmoja, jua linakotokea. Kwazi alilia mara moja mtini. Hakuna aliyeshtuka. Nilikaa pale mpaka jua likanipasha mgongo. Sikuandika kitu. Sijui kwa nini. Nilitamani Marselina angeona.

Kisha Telesphor akatokea, akakaa kando yangu. Baadaye akaniambia kwamba ng'ambo ya mto kuna bonde halikuungua, lina nyasi ndefu nzuri za kuezekea. Jumamosi hana kazi. Tukienda pamoja, alisema, tutapata mafungu ya kutosha jiko moja.

Nilimtazama kwa makini. Jumamosi! Siku moja kabla ya mashindano! Anataka nipoteze siku nzima nikikata nyasi, abaki na ushindi wake. Nilimshukuru, nikakataa kwa adabu. Alisema sawa, nikibadili mawazo yupo.

Mjanja sana yule.

Jumamosi, 11 Agosti

Majina thelathini na mawili!

Siku hizi Marselina na mama yake wanacheka jikoni kwa Kipimbwe mpaka wanashikana mabega. Nafurahi. Nilidhani kukosa paa kutawanyima raha.

Jioni Marselina alikuja kukaa nami kizingitini. Aliuliza kama kweli nitayasoma majina yote mbele za watu. Nikamwambia yote, kwa sauti. Akasema labda nimtafute kwanza mtu anayejua Kipimbwe anisikilize. Nikamwambia siwezi kumwachia mtu mali yangu aiibe kabla ya mashindano.

Alikung'uta majivu kwenye kitenge chake. Halafu akasema, "Baba Juliana, kuna kitu hapa nyumbani ungesikitika ukikikosa?"

Juliana ni binti yetu, yuko shule kwa masista. Nilifikiri sana, maana swali lilikuwa zito. Nikamjibu, "Nafasi ya kwanza."

Akaondoka. Sikumwelewa.

Jumapili, 12 Agosti

Naandika haraka ili imalizike.

Padri alikuja, mzee mwenye ndevu, na katekista wake anayeitwa Bartolomeo. Darasa lilijaa. Wake zetu pia walikuwepo. Mama mkwe alikaa nyuma kabisa, kitenge usoni kwa ajili ya heshima.

Telesphor alisoma kwanza. Aina themanini na nne, na mahali, na saa, na wanakula nini. Padri alitikisa kichwa kwa furaha. Mimi nilingoja zamu yangu bila wasiwasi.

Nilisimama. Nikasema nimeleta Kipimbwe. Padri akashika kalamu. Nikasoma jina la korongo, kwa sauti ya kanisani.

Bartolomeo akainua kichwa. Akaomba nirudie. Nikarudia. Akaniuliza huyo ni ndege gani. Korongo, nikasema. Akakuna shingo. Nikaendelea na mwari, na yangeyange, na kwazi. Alipofunika uso kwa mikono yote miwili nilidhani ameguswa. Mimi huyo, nikaongeza sauti.

Padri akamwuliza kuna nini.

"Padri," Bartolomeo alisema, "mimi ni Mpimbwe wa kuzaliwa. Nililelewa misheni, ndege siwajui, lakini lugha naijua. Haya si majina ya ndege."

"Ni nini basi?"

"Ni maneno ya mtu, Padri. Huyo korongo ni 'Napika nikihesabu mawingu.' Mwari ni 'Ugali wangu una majivu.' Yangeyange ni 'Mwanaume amejificha ndani ya paa langu.' Na kwazi," alinitazama kwa huruma, "kwazi ni 'Mwanangu nilimpa nani?'"

Watu wa nyuma walianza. Kisha darasa zima. Mwalimu Dionizi aligeukia ubao, mabega yanatikisika.

Padri hakucheka. Aliomba daftari langu, akampa Bartolomeo asome yote, kwa kuwa alitaka kujua mwisho wake. Hondohondo, yule niliyemwiga, ni "Anatembea kama aliyepoteza kitu, na hajui kwamba ni mke wake." Kanga, wa mwisho kabisa, ni "Alhamisi nafunga mzigo."

Hapo kicheko kilikatika. Nikageuka kumtafuta Marselina. Hakuwa anacheka. Alikuwa anatazama mikono yake.

Telesphor amepata kazi. Alistahili. Hilo neno nimeliandika kwa shida.

Jumatatu, 13 Agosti

Nimekuta mzigo wa Marselina umekwisha kufungwa, uko kando ya mlango. Mdogo sana. Miaka kumi na minne ya ndoa, na mzigo unabebeka kwa mkono mmoja.

Nilimwambia sikujua. Akasema kila mtu aliniambia kwa Kiswahili kwanza. Ni kweli. Nimerudi kusoma shajara hii, aliniambia tangu tarehe 3.

Nikamwomba mwenzangu wa kizuizini anishikie zamu. Nikachukua mundu, nikapiga hodi kwa Telesphor. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kuomba msamaha, mazuri, yenye sehemu tatu. Alifungua mlango akiwa tayari na mundu wake, akasema twende kabla jua halijawa kali. Maneno yangu yakabaki tumboni.

Bonde lipo kama alivyosema. Tulikata mpaka alasiri. Mafungu ishirini na sita. Njiani alinionyesha ndege mdogo wa rangi ya samaki mbichi kwenye tete, sijui rangi hiyo inaitwaje. Nilimtazama tu.

Jumatano, 15 Agosti. Kupalizwa Bikira Maria

Tumetoka misa ya kwanza, nikapanda juu ya jiko. Padri alisema kumnusuru mke si kazi ya kukatazwa sikukuu.

Nilianza kuezeka kutoka juu, kileleni, kazi ngumu nimalize kwanza. Nilipofika fungu la nne nikasikia sauti ya mama mkwe uani, amelipa jiko mgongo, anaongea na Marselina.

"Mwambie mumeo maji hutoka juu kwenda chini. Nyasi huanza chini kwenda juu."

Marselina akanitazama. "Mama anasema—"

"Nimesikia," nikasema. "Mwambie asante."

"Baba Juliana anasema asante."

"Nimesikia," akasema mama mkwe.

Nikafumua yote, nikaanza chini. Ikaendelea hivyo kutwa. Mwambie akaze kamba. Mwambie fungu hilo ameliweka kichwa chini. Mwambie ashuke anywe maji, asije akaanguka akatuharibia sikukuu. Telesphor alirusha mafungu kutoka chini, Paskalia akasokota kamba za magome. Saa kumi na moja fungu la mwisho likakaa. Marselina aliingia jikoni, akatazama juu, akakaa humo muda mrefu bila kupika kitu.

Alipotoka alibeba ule mzigo, akaurudisha chumbani.  Nilikuwa bado juu ya paa, nikaona ni afadhali, maana machozi yalinitoka kidogo. Vumbi la nyasi.

Alhamisi, 16 Agosti

Lori lilikuja saa mbili. Mama mkwe akapanda peke yake. Mimi nilisimama upande wa pili wa lori, kwa heshima, nikaona miguu yake tu.

Kumbe jana jioni, nilipokuwa zamu, Padri alikuja kumwona. Walikaa na Bartolomeo kwa saa mbili nzima, mama mkwe akamtajia majina ya kweli hamsini na saba, na ni ndege gani anakula mpunga kwa ubaya na yupi kwa njaa. Padri amesema jina lake litaandikwa mwanzoni mwa daftari. Jina la mama mkwe! Nami ndiye niliyegundua chemchemi hiyo.

Kabla lori halijaondoka mama mkwe alimwita Marselina dirishani. Marselina akanizungukia kunipa ujumbe. Mama anasema paa si zuri, lakini ni paa. Na anasema amenipa jina moja la kweli, la wale makorongo wanaosimama wametazama jua. Akalitamka. Neno moja tu, fupi.

Nimeliandika nyuma ya jalada. Silionyeshi mtu.

Jumapili, 19 Agosti

Siku njema sana.

Nimetafakari kwa utulivu na kuona kwamba sikukosea popote, ila katika lugha. Yamekwisha. Sasa kuna jambo bora zaidi.

Bwana Yakuti, mfanyabiashara wa Ikola kule ziwani, ameshuka na dagaa wake. Njiani wameloa. Alikuwa anatafuta mahali pa juu, pakavu, penye upepo, pa kuwaanika siku mbili. Wote walimwonyesha mikeka chini. Mimi nilimwonyesha paa letu jipya. Alishangaa! Magunia mawili yote yako juu, yamemwagwa vizuri, yanang'aa. Robo itakuwa yetu. Ilibidi nichomoe mafungu matano upande wa nyuma ili pawe tambarare, dagaa wasiteleze. Hayaonekani ukisimama mbele.

Marselina amekwenda Shanwe kumwona shoga yake mgonjwa. Atakaporudi jioni atafurahi mno.

Nimekaa kwenye kivuli cha ua wa matete, daftari gotini. Jua zuri, kimya, upepo kidogo. Juu kabisa kuna mwewe anazunguka. Nilimwandika. Sasa wawili. Wanaelea tu bila kupiga bawa, kazi safi sana. Telesphor anatembea maili nzima kuwaona mwewe, na mimi wananifuata nyumbani.

Saa nane na nusu. Mwewe tisa. Mmoja ametua juu ya jiko, karibu kabisa, namwona mpaka macho. Wengine wanashuka. Sijui wamependa nini hapa kwetu, lakini sitawashtua.